Kadi Mbili, Mtu Mmoja

(Haya ni mazungumzo ya mfanyakazi wa maabara mbele ya wananchi waliokuja kutoa damu katika shule ya msingi ya kijiji. Tumeyaandika kama yalivyosemwa.)

  

Nimepewa nusu saa. Nilikuja na maneno mengine kabisa. Nilitaka kuwaeleza habari za kula maharage na mchicha baada ya kutoa damu. Lakini asubuhi hii, kabla hatujafungua hata masanduku yetu, mzee mmoja alinijia na kadi mbili mkononi. Ameniruhusu niseme habari zake, ila jina nisilitaje. Basi nitamwita Mzee tu.

Kadi ya kwanza ni ya zamani, imechakaa kwenye kona. Imeandikwa O hasi. Kadi ya pili ni ya mwaka jana. Imeandikwa O chanya. Jina ni lile lile, na mwaka wa kuzaliwa ni ule ule. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, damu yangu imebadilika, au ninyi mmechanganya madawa?" Kabla sijajibu akaendelea. "Miaka mingi nimeamshwa usiku nikapakiwa kwenye baiskeli mpaka hospitali, kwa sababu nyinyi wenyewe mlisema damu yangu ni ya nadra. Leo mnasema siyo. Sasa ile mliyoichukua, mlimpa nani?"

Ndugu zangu, hilo swali la mwisho ni zito. Nitalijibu, maana jibu lake ninalo. Lakini nikilijibu sasa hivi hamtanielewa. Ngojeni kwanza tuanze mwanzo.

Kundi la damu ni nini? Ukitazama damu kwa hadubini utaona chembe nyekundu. Ni nyingi mno. Tone dogo sana, la milimita moja tu ya ujazo, lina chembe kama milioni 4 au 5. Kila chembe ina alama juu ya ngozi yake. Wataalamu huziita alama hizo antijeni. Mimi nitaziita chapa, maana hapa wote ni wafugaji na chapa mnaijua. Ng'ombe wa boma hili ana chapa yake, na wa boma lile ana yake.

Chapa za kwanza kujulikana zilikuwa A na B. Aliyezigundua ni daktari Karl Landsteiner wa mji wa Vienna. Alitangaza habari hizo mwaka 1901, na mwaka 1930 akapewa Tuzo ya Nobel. Mwenye chapa A ni kundi A. Mwenye chapa B ni kundi B. Mwenye zote mbili ni AB. Asiye na hata moja ni O. Ndiyo maana namba sifuri na herufi O vinafanana, ukitaka kukumbuka.

Halafu kuna chapa ya D. Hiyo ndiyo inayoleta maneno ya chanya na hasi. Ukiwa nayo wewe ni chanya, usipokuwa nayo wewe ni hasi. Kwetu Afrika watu wengi sana ni chanya. Wenye hasi ni wachache, chini ya 10 katika kila watu 100. Ulaya ni wengi zaidi, kama 15 katika 100.

Msidhani chapa zimekwisha hapo. Leo zinajulikana chapa zaidi ya 350, zimepangwa katika koo zaidi ya 40. Lakini kwa shughuli za kila siku tunaangalia hizi za A, B na D kwanza, maana ndizo zinazoua haraka au kuharibu mimba.

Sasa ndani ya maji ya damu kuna walinzi. Wataalamu wanawaita kingamwili. Kazi yao ni kama ya sungusungu. Wanajua chapa za nyumbani kwao, na wakiona ng'ombe mwenye chapa ngeni wanamrukia. Mtu wa kundi O ana walinzi dhidi ya A na dhidi ya B tangu utotoni, hakufundishwa na mtu. Ukimwekea damu ya A, walinzi wale watazipasua chembe za mgeni. Mgonjwa atatetemeka, atapata homa, mgongo utamuuma, mkojo utakuwa mwekundu, na anaweza kufa.

Walinzi wa D ni tofauti. Mtu hasi hazaliwi nao. Anawapata baada ya kukutana na damu chanya, ama kwa kuongezewa damu, ama mama akizaa mtoto chanya. Mara ya kwanza huwa hakuna kishindo. Walinzi wanajifunza tu. Mara ya pili ndiyo wanajua kazi.

Kwa mwanamke jambo hili ni kubwa. Walinzi hao wanapita kwenye kondo la nyuma na kuingia kwa mtoto aliye tumboni. Mtoto akiwa chanya wanazivunja chembe zake. Anazaliwa na damu pungufu na macho ya njano, au anafia tumboni. Na mama hajui kosa lake ni nini. Majirani wanasema ni mkono wa mtu.

Sasa tuje kwenye kupima. Wengi mmeona. Tunachukua kigae cheupe, tunatia matone ya damu sehemu tatu. Kwenye tone moja tunatia dawa ya bluu, hiyo ni ya kutafuta A. La pili dawa ya njano, ya kutafuta B. La tatu dawa isiyo na rangi, ya kutafuta D. Tunakoroga kwa kijiti, tunatikisa kigae taratibu. Chembe zikishikana na kuwa mabonge kama uji uliokorogwa vibaya, basi chapa ipo. Zikibaki laini, chapa haipo.

Hicho ni kipimo cha mbele. Kipo na cha nyuma. Cha nyuma tunachukua maji ya damu yako, tunayachanganya na chembe za A na chembe za B ambazo tunazijua tayari. Tunatazama walinzi wako wanamrukia nani. Kipimo cha mbele kikisema wewe ni O, cha nyuma lazima kionyeshe walinzi wa A na wa B wote wawili. Vipimo viwili visipokubaliana, mpimaji mwenye akili anaweka kalamu chini. Haandiki kitu.

Nasema mpimaji mwenye akili, kwa kuwa wapo wanaoandika. Foleni ni ndefu, umeme unakatika, mtu anaandika kile alichokiona mara ya kwanza. Nami niseme kweli tupu: kadi mbili zikipingana, jambo la kwanza la kushuku si ajabu ya mwili. Ni kosa la mkono. Kichupa kimebandikwa jina la mtu mwingine. Watu wawili wana jina moja, na hapa kwetu majina yanarudiwa sana. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kumtoa mtu damu upya, mbele yake, na kuandika jina kwenye kichupa hapo hapo. Kwa Mzee tulifanya hivyo mwaka jana, mara mbili. Hapakuwa na kosa la jina.

Basi tulibaki na mtu mmoja ambaye kipimo kimoja kinasema hana D, na kingine kinasema anayo.

Wafugaji, nisaidieni. Chuma cha kupigia chapa kisipopata moto wa kutosha, chapa inakuwaje? (Watu: Inafifia!) Ndiyo. Ukisimama mbali huioni. Unasema ng'ombe huyu hana chapa. Lakini msogelee, pitisha mkono juu ya ngozi. Utaisikia. Chapa ipo, ila ni hafifu.

Mzee ana D hafifu. Jambo hili lilielezwa tangu mwaka 1946 na daktari mmoja Mwingereza, kwa hiyo si jipya. Kwenye kigae chembe zake hazishikani, au zinashikana kidogo mno. Kumpitishia mkono ni kipimo cha pili. Chembe zinatiwa dawa ya D ndani ya kichupa, zinawekwa kwenye joto la mwili, nyuzi 37. Kisha zinaoshwa kwa maji ya chumvi mara kadhaa, halafu inatiwa dawa nyingine ya kuwaunganisha walinzi waliokaa juu ya chembe. Njia hiyo ilitangazwa mwaka 1945. Inachukua muda na inataka mashine ya kuzungusha. Pale Mzee alipopimwa zamani walikuwa na kigae tu.

Na dawa zenyewe zinatofautiana. Zamani dawa ya D ilitokana na damu ya watu waliokwisha kupata walinzi wa D. Siku hizi nyingi zinatokana na chembe zinazokuzwa maabara. Dawa hii inashika sehemu hii ya chapa, ile inashika sehemu nyingine. Maabara mbili zenye wapimaji hodari zinaweza kumpima mtu mmoja na kupata majibu mawili, na wote wakawa hawakuzembea.

Lakini kwa nini chuma cha Mzee hakikupata moto? Hapo tunaingia kwenye urithi.

Ndugu zangu wengi hapa mmesoma kisomo cha watu wazima. Mnakumbuka ba, be, bi, bo, bu. Basi mwili nao una kitabu chake, na kila mtoto anapewa nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Kila habari ndani ya kitabu hicho inaitwa jeni. Jeni inasomwa kwa herufi tatu tatu, kama sisi tulivyosoma kwa silabi. Kitabu chote kina herufi nne tu, lakini zinarudiwa kwa mamilioni.

Niandike ubaoni. KA KA KA LA LA. Someni. (Watu: Kaka kalala!) Vizuri. Sasa nafuta herufi moja tu, hii A ya kwanza, wala siachi nafasi. Tunasoma tena mbili mbili: KK AK AL AL A. Someni! (Kicheko.) Haisomeki. Herufi moja imetoka na sentensi nzima imekwisha.

Ndivyo kundi O lilivyotokea. Jeni ya A na B iko kwenye kromosomu ya 9. Watu wengi wa kundi O wana jeni ile ile ya A, ila imedondosha herufi moja. Kuanzia hapo maneno yamevurugika na chapa haitengenezwi. Wataalamu walilionyesha jambo hili mwaka 1990. Kwa hiyo sisi wa O ni watu wa A tuliopotelewa na herufi moja. Mimi mwenyewe ni O, nasema bila aibu.

Mara nyingine herufi haipotei, inabadilika tu. Badala ya KAKA KALALA unapata KAKA KALELA. Unakwama kidogo, lakini maana unaipata. Jeni ya D ya mtu mwenye D hafifu mara nyingi iko hivyo. Imebadilika herufi moja, na mwili unatengeneza D chache, hazikai vizuri kwenye ngozi ya chembe.

Kuna namna nyingine, nayo kwa Waafrika ni muhimu zaidi. Jeni ya D iko kwenye kromosomu ya 1, na jirani yake ni jeni nyingine inayofanana nayo sana, ya chapa za C na E. Majirani hawa wanafanana mpaka wakati mwingine wanachanganya vipande. Ni kama mkeka uliotatuliwa katikati ukatiwa kiraka cha mkeka mwingine. Mtu anakuwa na chapa ya D, lakini kipande fulani hakimo. Dawa inayoshika kipande kilichopo itasema chanya. Dawa inayoshika kipande kilichokosekana itasema hasi.

Mtu huyo ana shida ya pekee. Akitoa damu, lazima tumwandike chanya, kwa kuwa chembe zake zinaweza kuwafundisha walinzi wa mtu hasi. Akipokea damu, ni salama zaidi kumpa hasi, kwa kuwa walinzi wake mwenyewe hawakijui kile kipande alichokosa, na wakikiona kwa mgeni wanaweza kukirukia. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa chanya akitoa na hasi akipokea, na kadi zote mbili zikawa sawa! Najua inachekesha. Lakini mwezi uliopita nilibishana na muuguzi saa nzima juu ya jambo hili, na mwisho alinielewa.

(Swali kutoka kwa kijana mmoja: Kwa nini msipime hizo jeni zenyewe, mkaachana na vigae?)

Swali zuri. Kwanza ni fedha. Mashine hizo haziko wilayani. Lakini hata zikiwepo, kitabu na chapa havikubaliani kila siku. Mwaka 2000 ilitangazwa kazi iliyochunguza Waafrika 82 waliokuwa hasi. Kwa Wazungu walio hasi, jeni ya D kwa kawaida haimo kabisa, ukurasa umeng'olewa. Watafiti walidhani kwa Waafrika itakuwa hivyo hivyo. Wakakuta karibu theluthi mbili ya watu wale wanayo jeni ya D! Imekaa palepale kwenye ukurasa wake. Ila ndani yake herufi 37 zimeandikwa mara mbili, na tena ipo alama ya nukta katikati ya sentensi, mahali isipotakiwa. Mwili unasoma, unafika kwenye nukta, unasimama. D haitengenezwi. Sasa mashine iliyotengenezwa kwa kuwafikiria Wazungu ikiona jeni ipo, itasema mtu huyu ni chanya. Naye ni hasi kabisa. Mama wa namna hiyo akiandikwa chanya, atanyimwa sindano yake.

Kwa hiyo anayepima Waafrika lazima ajue kitabu cha Waafrika.

Mfano mwingine wa kwetu. Iko chapa inaitwa Duffy. Waafrika wengi wa Magharibi na wa huku kwetu hawana chapa hiyo kwenye chembe nyekundu. Lakini ukifungua kitabu chao, jeni ya Duffy ipo nzima, haina kasoro. Kilichobadilika ni herufi moja nje ya jeni, mahali pa kuifungulia. Chukulieni bomba la maji la kijiji lenye koki nyingi. Koki ya kwenda kwenye chembe nyekundu imefungwa, koki za kwenda viungo vingine ziko wazi. Jambo hilo lilifahamika mwaka 1995. Na kufungwa kwa koki ile ni faida, maana iko aina moja ya vijidudu vya malaria, vivax, ambayo huingilia kwenye chapa hiyo kama mlango. Mlango haupo, mwizi anahangaika nje. Si malaria inayotusumbua hapa, hii ya kwetu ni falsiparumu na ina milango mingine. Nisije nikasikia mtu ametupa chandarua kwa sababu ya maneno yangu.

Ya O nayo yana mitego. Yupo mtu mwenye A hafifu sana, kigae kinamwita O. Kipimo cha nyuma ndicho kinachomkamata, kwa kuwa mara nyingi hana walinzi wa A kama O wa kweli. Na mwaka 1952 madaktari wa mji wa Bombay, India, ambao leo unaitwa Mumbai, waliandika juu ya watu watatu ambao kwenye kigae walikuwa O, lakini walinzi wao walizirukia hata chembe za O. Watu hao hawana hata ule msingi ambao A na B hujengwa juu yake. Mtu wa namna hiyo hawezi kupokea damu ya mtu yeyote isipokuwa ya mwenzake. Ni wachache mno, nami katika kazi yangu sijamwona hata mmoja.

Sasa nieleze jambo la nyumbani, kwa sababu ninajua vikao vyetu.

Miaka iliyopita, katika hospitali moja niliyofanya kazi, alikuja mwanamke amembeba mtoto mchanga, na nyuma yake mume na shemeji. Kadi ya mama O hasi. Kadi ya baba O hasi. Mtoto O chanya. Shemeji alikuwa amesoma kidogo, alisoma kitabuni kwamba hasi wawili hawazai chanya. Kitabu hakikukosea, ndiyo kanuni. Basi mwanamke alikwisha kurudishwa kwao, na mahari ilikwisha kudaiwa. Akasimama mbele ya meza yangu akasema, "Tupimeni wote watatu leo hii, mimi nasubiri hapa." Hakulia.

Tukapima. Baba kwenye kigae hasi, kama kadi yake. Mtoto kwenye kigae naye hakushikana vizuri. Ndipo nikakumbuka: mtoto wa mama aliye hasi hupimwa pia kwa kipimo cha pili, ili ijulikane kama mama atahitaji sindano. Baba hakuwahi kupimwa hivyo, nani angehangaika naye? Nikampima. Alikuwa na D hafifu, naye alimpa mtoto D hafifu yake. Mtoto alikuwa ameandikwa chanya kwa kipimo ambacho baba yake hakukipata.

Mume hakusema neno. Sikuambiwa kama alitozwa faini. Nasikia alimpelekea mkwewe mbuzi.

Basi nawaomba, kadi ya damu isiwe hakimu wa ndoa. Damu kulingana si ushahidi kwamba mtoto ni wa huyu, na kutolingana kwenye kadi si ushahidi kwamba si wake. Mwenye shauri la kweli kuna njia ya sheria, tunayo Sheria ya mwaka 2009 ya vinasaba vya binadamu, na kazi hiyo iko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Sasa Mzee, nimefika kwenye swali lako.

Mwaka jana, tulipoona una D hafifu, tulirudi kwenye madaftari. Tulikuta chupa zako tisa zilizoandikwa O hasi. Sita zilikwenda kwa wagonjwa walio chanya, usiku wa dharura, na hao D yako haikuwadhuru kitu. Mbili zilikwenda kwa wanaume walio hasi. Mmoja alikuwa amekwisha kufariki kwa ugonjwa wake wa siku nyingi. Wa pili tulimpima, hana walinzi. Moja ilikwenda kwa msichana aliye hasi, aliyeletwa na malaria kali, damu imekwisha. Bila chupa ile asingefika asubuhi.

Huyo ndiye aliyetukosesha usingizi. Alikuwa ameolewa, amehamia wilaya nyingine. Tulimtafuta wiki tatu. Tulipompata alikuwa na mimba ya miezi mitano. Tukachukua damu yake, tukayachanganya maji ya damu yake na chembe za O chanya, tukatia kwenye joto, tukaosha, tukasubiri. Mpimaji mwenzangu alikataa kutazama, akaniambia tazama wewe.

Hapakuwa na bonge hata moja. Hakuwa amepata walinzi. D hafifu haifundishi walinzi kila mara, lakini imewahi kutokea kwa wengine, na ndiyo maana hatuchezi nayo. Tulimwandikia kwenye kadi ya kliniki kwa wino mwekundu: apimwe tena wiki ya 28, na akijifungua mtoto chanya apate sindano ya D kabla ya saa 72 kupita. Sindano hiyo imekuwapo duniani tangu mwaka 1968. Ni ghali, na haipatikani kila zahanati, kwa hiyo mumewe aliambiwa aanze kuulizia mapema. Mtoto alizaliwa chanya. Sindano ilipatikana siku ya pili.

Mzee, kosa letu ni kwamba hatukuja kukueleza. Tulikutumia kadi mpya kama barua ya kodi, bila neno. Kwa hilo naomba radhi mbele ya watu hawa.

(Mzee akasimama, akauliza: Sasa mimi niache kutoa?)

Hapana, baba. Usiache, kama umri na uzito vinaruhusu. Mwisho wa kutoa ni miaka 65, na uzito usipungue kilo 50. Chupa yako sasa inaandikwa O chanya. Wagonjwa wengi wa wilaya hii ni chanya, kwa hiyo utaitwa zaidi, siyo pungufu. Ila wewe mwenyewe ukilazwa siku moja ukahitaji damu, onyesha kadi hii mpya. Nitaandika nyuma yake sasa hivi: "D hafifu. Akipokea, apewe hasi mpaka ijulikane ni ya aina gani." Na wanao wote wapimwe, hasa mabinti, kwa kipimo cha pili. Wadogo zako pia.

(Mama mmoja aliuliza: Na sisi tuliopimwa zamani kwenye kigae, je?)

Mama, wengi wenu kadi zenu ni sahihi. D hafifu si watu wengi. Lakini yeyote aliyeandikwa hasi kwa kigae, na anatoa damu, nataka nimpime upya leo. Na mwanamke aliyeandikwa hasi aje hata kama hatoi damu. Aliyeongezewa damu katika miezi mitatu iliyopita aniambie kwanza, maana ndani yake chembe za mgeni bado zimo na zitanichanganya.

Muda wangu umekwisha, Mwenyekiti ananitazama. Meza yetu iko pale chini ya mwembe. Wanaume waliotoa damu chini ya miezi mitatu iliyopita, na wanawake chini ya miezi minne, leo msitoe. Wengine kunyweni chai kwanza. Tutakuwapo mpaka saa kumi. Leteni kadi zenu za zamani, hata zilizochanika, msizitupe.